Kabla Boneti Haijafunguliwa

Fundi akikuambia kazi ni ya siku mbili, mara nyingi hakudanganyi. Anahesabu saa za mikono yake: kufungua, kusafisha, kufunga, kuwasha. Kisichomo kwenye hesabu hiyo ni ile Jumanne ambayo gari litalala wazi kwa kuwa umeme umekatika kwenye karakana ya kuchonga vyuma, na ile Ijumaa ambayo kijana atarudi na gasketi ya injini nyingine wakati duka limeshafungwa, na ile Jumamosi ambayo fundi mwenyewe atakuwa msibani Chalinze. Katika hayo yote huenda hakuna uzembe wa mtu yeyote. Ukiyajumlisha, siku mbili zinakuwa wiki mbili, na mwenye gari anaanza kutoa maneno ambayo hakukusudia.

Mwenye magari mawili atanung'unika kidogo, kisha achukue ufunguo wa lile lingine. Mwenye moja hana pa kukimbilia. Gari hilohilo ndilo linalopeleka watoto shule saa kumi na mbili asubuhi, ndilo linalobeba mzigo wa duka kutoka Kariakoo, ndilo linalompeleka mama mkwe kliniki Muhimbili. Kwa mtu huyo, kutengeneza ni kazi ya fundi, lakini kupanga kusubiri ni kazi yake mwenyewe, na hakuna atakayemfanyia. Tena mpango huo una wakati wake. Hufanywa gari likiwa bado linatembea.

Nichukue mfano mmoja ambao kila mkazi wa Dar es Salaam ameuona: Toyota IST inayokula maji. Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, likatufikia likiwa limeshatumika, na leo ukisimama kwenye foleni yoyote mjini utaliona mbele, nyuma na ubavuni. Mengi yana injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, ambayo pia imo kwenye Raum, Fielder na baadhi ya Premio. Ni injini ngumu. Haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa, ina cheni. Haina makuu kwenye mafuta. Lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na aluminiamu haina msamaha kwa mtu aliyeendelea kuendesha injini ikiwa imechemka.

Ugonjwa huanza kwa upole. Asubuhi unafungua mfuniko wa rejeta, unakuta maji yamepungua kidogo. Unaongeza. Baada ya siku chache yamepungua tena, na chini ya gari hakuna tone. Ukiwasha injini baridi, moshi mweupe unachukua muda kuisha, au mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kabla hata injini haijapata joto. Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba gasketi ya hedi, ile inayotenganisha njia za maji, njia za oili na chumba cha moto, imeanza kuachia mahali fulani.

Swali la kwanza la mwenye gari moja ni: nina muda gani? Jibu linategemea kitu unachoweza kukiona kwa macho yako. Chomoa kijiti cha oili, fungua na mfuniko wa oili juu ya injini. Oili ikiwa imegeuka nzito na nyeupenyeupe, mafundi husema imekuwa maziwa, na hapo hakuna mpango tena. Maji yanazunguka kwenye beringi, na kila kilomita unayoongeza unaitoa kwenye uhai wa injini nzima. Ita gari la kuvuta. Vilevile injini ikichemka hata mara moja hadi taa nyekundu ikawaka, usijipe matumaini ya kumaliza mwezi. Na hapa Toyota ndogo nyingi, Vitz na Passo zikiwamo, humponza dereva: hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikiwa imechemka, na katikati hakuna habari. Taa nyekundu inapowaka, joto limeshapita mahali pa kuonya.

Lakini kama oili ni safi, joto halijawahi kupanda, na maji yanapungua kidogo kidogo tu, una bahati ambayo wengi huitupa. Una wiki kadhaa za kujipanga, kwa sharti kwamba kila asubuhi, injini ikiwa baridi, unakagua maji, na kwamba huendi na gari hilo Morogoro kwenye harusi.

Kazi ya kwanza ya wiki hizo ni kuhakikisha ugonjwa wenyewe. Naliweka hili mbele ya pesa na mbele ya tarehe kwa sababu nimeona hedi zikishushwa kwa kosa la mfuniko wa rejeta. Mfuniko ule si kizibo tu. Una springi inayoruhusu mgandamizo ujengeke ndani ya rejeta, na mgandamizo huo ndio unaofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 kama yanavyochemka kwenye sufuria. Springi ikilegea, maji yanatoroka kupitia chupa ya akiba, na dalili zinafanana na za gasketi. Wata pampu inaweza kuvuja tone moja linalokauka juu ya chuma cha moto kabla halijafika chini. Feni inaweza kuwa imekufa, usijue mpaka ukwame foleni ya Buguruni. Hivi vyote hutengenezwa kwa saa chache na gari likarudi nyumbani jioni ileile.

Vipimo vipo, na havifungui chochote. Kuna pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, inasukuma upepo, kisha unatazama kama mshale wake unashuka. Kuna kupima mgandamizo wa kila silinda kupitia tundu la plagi. Na kuna kipimo kizuri kuliko vyote kwa kesi hii: chupa yenye maji ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta huku injini ikiunguruma. Hewa ya moto kutoka chumba cha moto ikiwa imepenya kwenye maji, rangi hugeuka kuwa njano. Si kila gereji inacho. Uliza kabla ya kwenda, na ulipie kipimo peke yake, bila kujifunga kwamba fundi huyohuyo ndiye atakayefanya kazi. Fundi anayekataa kupima na kusema tufungue kwanza tutaona anakuomba umpe gari lako pekee kwa kubahatisha.

Nieleze kwa nini nasisitiza gari litembee. Gari linaloingia gereji kwa miguu yake na gari linaloingia likivutwa kwa kamba hayalipi bei moja. La kwanza, ukisikia bei isiyokuingia akilini, unageuza na kuondoka. La pili limeshafika, na kila mtu pale anajua. Na gari ambalo hedi yake iko mezani na bolti zake zimo kwenye kopo la rangi ni mateka kabisa. Hapo bei ya gasketi ikipanda unalipa, fundi akisema na wata pampu nayo imekufa unakubali, akiomba hela ya kula ya vijana unatoa. Sisemi mafundi ni wezi. Nasema mazungumzo ya bei yana siku yake, na siku hiyo ni kabla ya spana ya kwanza.

Sasa tarehe. Kwa familia yenye watoto, kalenda ya shule inaamua nusu ya jambo. Shule nyingi hufunga Juni na Desemba. Desemba inaonekana nzuri kwenye karatasi, lakini ndipo kazi za miezi yote ya mwaka hurundikana gereji: wiki mbili kabla ya Krismasi kila gari linalokwenda Moshi, Bukoba au Iringa linataka sevisi, na fundi mzuri ana magari hadi barabarani. Halafu Januari inafuata na ada zake. Juni ndiyo inayonishawishi mimi. Masika yamekwisha, na hili si dogo, maana gereji nyingi za mjini kwetu paa lake ni mwembe au mwarobaini, na injini iliyo wazi haitakiwi kupata mvua wala tope. Kuanzia Machi hadi Mei usifungue injini chini ya mti kama una namna nyingine. Mwezi wa Ramadhani nao, kwa fundi anayefunga, siku ya kazi ni fupi, na wiki ya Idi usiihesabu kabisa.

Kuna kalenda nyingine, ya pesa. Wengi wetu hatuna akiba ya benki inayosubiri gari kuharibika, lakini tuko kwenye mchezo ama kikoba, na zamu inajulikana. Mama mmoja muuza vitenge wa Tabata alibadilishana zamu na mwenzake ili pesa imfikie wiki moja kabla ya gari kuingia gereji. Nilimwona ana akili kuliko wahasibu wengi ninaowafahamu. Wiki moja kabla, si siku ileile, kwa sababu pesa ya kwanza haiendi kwa fundi. Inakwenda dukani.

Hili ndilo ningepigana kulitetea kuliko mengine yote: spea zote ziwe sebuleni kwako kabla gari halijaingia gereji. Zimefunguliwa, zimekaguliwa, zimelinganishwa na namba ya chasisi. Mazoea yetu ni kinyume. Gari linafunguliwa Jumatatu, fundi anatoa orodha Jumanne, mwenye gari anatafuta pesa Jumatano, na Alhamisi kijana wa gereji anapanda bodaboda kwenda Gerezani au Shaurimoyo. Wiki imekwisha na hakuna bolti iliyorudi mahali pake.

Orodha yenyewe, kwa kazi ya hedi, haina siri. Gasketi ya hedi, na gasketi za manifodi zote mbili, na raba ya kava la juu. Siili za valvu, kwa sababu hedi ikiwa mezani kuzibadilisha ni kazi ndogo, na zikichoka gari huanza kula oili. Thamostati mpya. Kulanti. Oili na filta yake, hata kama ulibadilisha mwezi jana, maana hakuna anayefungua hedi bila maji kudondokea ndani. Bolti za hedi, 10 kwa injini hii, zinastahili mjadala: hukazwa hadi kuvutika, na zikishavutika kupita urefu uliowekwa hazirudi. Fundi makini huzipima, na asiye na cha kupimia anunue mpya. Wata pampu, kama haijabadilishwa kwa miaka mingi, ingia nayo gharama. Baada ya hapo simama. Fundi atakushauri ubadilishe na cheni ya taimingi, na mikono ya injini, na hiki na kile kwa kuwa tumeshafungua. Mengine ni ya kweli. Lakini kila kitu unachoongeza kinaongeza siku, na wewe siku ndizo usizokuwa nazo.

Hapa ndipo uchaguzi wa gari uliofanya miaka mitano iliyopita unakulipa au unakuadhibu. Gasketi ya IST unaipata Kariakoo kabla ya saa sita mchana, ya aina tatu au nne, na muuzaji ana maoni juu ya kila moja. Mwenye gari la Ulaya lisilo la kawaida mjini atatuma picha Dubai, au ataagiza Japani au Uingereza na kungoja ndege. Kwa huyo, kanuni ya spea sebuleni si ushauri, ni lazima. Gari lake likifunguliwa kabla ya mzigo kufika, litaota majani.

Namba ya chasisi, ile inayoanza na NCP60 au NCP61 kwa IST za mwanzo, uwe nayo kwenye simu. Herufi hizo zinamweleza muuzaji injini iliyomo, kwa sababu NCP60 ni ya cc 1,300, si ile 1NZ. Sharti la kurudisha liandikwe kwenye risiti. Na nenda na fundi, au umpigie simu ya video akiwa kazini kwake, ili aseme mwenyewe kwamba hiki ndicho. Kama atachukua cha juu kutoka kwa muuzaji, na mara nyingi atachukua, mimi sioni ugomvi, mradi uijue bei ya duka la tatu. Ugomvi ni cha juu kinapomfanya achague gasketi ya karatasi kwenye hedi ambayo kiwandani iliwekwa ya chuma.

Siku ya kufungua yenyewe ni fupi. Fundi aliyezoea huifikisha hedi mezani kabla ya jioni. Siku inayofuata ndiyo ngumu, maana ndiyo siku ya uamuzi, na ndiyo iliyowaharibia watu wengi mpango. Hedi inalazwa, rula ya chuma iliyonyooka inawekwa juu yake, na visu vyembamba vya kupimia vinapitishwa chini ya rula. Upande unaokalia bloki hauruhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, na unywele wa binadamu mara nyingi una unene zaidi ya huo. Usikubali jicho la mtu litumike badala ya kipimo. Ikiwa imepinda kidogo, inakwenda kuchongwa. Imepinda sana au ina ufa, inatafutwa nyingine. Na bloki nayo ipimwe, kwa sababu hedi iliyonyooka juu ya bloki iliyopinda itavuja vilevile.

Karakana za kuchonga si nyingi kama gereji, na zina foleni zao. Mwenye mpango hufika huko wiki iliyotangulia, bila hedi, kuuliza tu: mnapokea siku gani, mnatoa baada ya muda gani, umeme ukikatika mna jenereta? Maswali matatu. Yanaweza kukuokolea siku nne.

Pia amua mapema, ukiwa umetulia nyumbani na mwenzio, mahali utakaposimama. Gharama ya kutengeneza ikifika kiasi hiki, tunaacha, tunanunua injini nyingine. Injini zilizotumika kutoka Japani zipo, na kuitoa moja na kufunga nyingine kwenye IST ni kazi ya siku moja au mbili kwa mafundi wawili waliozoea. Kwa mtu ambaye gari ndilo ajira yake, kama dereva wa teksi za mtandaoni anayetakiwa kupeleka hesabu kwa bosi kila wiki, njia hii inaweza kuwa rahisi hata ikiwa na bei kubwa, kwa sababu kila siku ya kulala ni hesabu isiyopelekwa. Lakini unanunua historia usiyoijua. Hakuna anayekwambia kama injini ile nayo iliwahi kuchemka huko Osaka. Sikiliza ikiwashwa, pima mgandamizo, na uulize unapewa siku ngapi za kuijaribu. Na kuna karatasi watu huisahau: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukifunga injini nyingine bila kupeleka taarifa TRA, kadi inasema kitu kimoja na chuma kinasema kingine, na siku utakayotaka kuuza mnunuzi atakugeuzia hilo kuwa punguzo.

Kabla ya kukabidhi ufunguo, piga picha. Kilomita kwenye dashibodi, kiwango cha mafuta, betri na namba yake, tairi la akiba, jeki, redio, taa zote nne, injini kutoka juu. Mpige picha fundi naye akiwa amesimama kando, kwa utani, mkiwa mnacheka. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu, na picha hiyo ikishapigwa hakuna atakayehitaji kutuhumiwa. Uliza gari litalala wapi usiku na nani analinda. Bima yako inaendelea kula siku hata gari likiwa juu ya mawe, na kama ni bima ndogo haikulindi na wizi wala moto wa gereji. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari angalau haikuumizi kichwa tena: ilifutwa mwaka 2017, mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lisilotembea halidaiwi barabara.

Malipo yagawanywe. Spea umeshanunua, kwa hiyo fundi hana sababu ya kushika pesa kubwa mwanzoni. Sehemu ya ufundi atapewa hedi ikiwa mezani, nyingine injini ikiwaka, iliyobaki baada ya majaribio. Ukimlipa yote mwanzo, gari lako linahamia mwisho wa foleni, nyuma ya gari la yule ambaye hajalipa. Hilo ni tabia ya binadamu, si ya mafundi peke yao.

Maisha bila gari sitayaeleza sana, kila nyumba ina jiografia yake. Anayekaa Kimara au Mbezi ana mwendokasi na ataokoka. Anayekaa ndani huko Goba au Chanika, ambako lami inaishia mbali na mlango, atahitaji bajaji ya kudumu, na inafaa kuongea na dereva mmoja kwa bei ya wiki nzima kuliko kubembelezana kila alfajiri. Piga hesabu ya nauli hizo na uziandike kama sehemu ya gharama ya matengenezo, kwa sababu ndivyo zilivyo. Tuseme nyumba yako inatumia shilingi 20,000 kwa siku kwa usafiri wa watu wanne. Siku kumi zikiongezeka bila kupangwa, umeshatupa 200,000, na kwa pesa hiyo ungenunua gasketi nzuri badala ya ile ya bei chee iliyokurudisha gereji. Kuhusu kuazima gari la shemeji, azima kwa siku maalumu yenye shughuli maalumu, na ulirudishe na mafuta zaidi ya uliyoyakuta. Gari la kuazima la wiki mbili huvunja undugu uliojengwa miaka ishirini.

Halafu inakuja siku ya kufunga, na hapa mwenye gari ndiye anayeweza kuharibu kazi. Amechoka na bajaji, anapiga simu kila saa, anamuuliza fundi vipi mkuu, leo natoka nalo? Fundi aliyebanwa hivyo hafuti vizuri mabaki ya gasketi ya zamani. Anakaza bolti kwa nguvu ya mkono na uzoefu. Bolti za hedi ya 1NZ hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa kipimo cha spana ya torki, kisha kila moja inazungushwa nyuzi 90, kisha 90 nyingine. Uliza mapema kama gereji ina spana hiyo. Kama haina, kuna wanaozikodisha, au fundi atamwazima mwenzake wa gereji ya pili. Siku mbili za ziada, ambazo inafaa uziweke kwenye mpango wako tangu mwanzo, zina kazi hii hasa: kumwacha mtu akaze bolti bila simu kuita mfukoni.

Mbishane pia kuhusu thamostati, kwa sababu mtabishana. Mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa. Hoja yao ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya baridi ya Japani, na Dar ina joto la kutosha. Inasikika kama busara, lakini injini haijali joto la Dar. Inataka joto lake yenyewe, kama nyuzi 80 na zaidi, na isipolifikia kompyuta yake inadhani bado ni alfajiri na inaendelea kumwaga petroli zaidi. Wewe ulinunua thamostati mpya, ikae mahali pake. Na maji yawe ya kulanti iliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza, si maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi hiyo ndiyo iliyoanza kula njia za maji za hedi yako miaka kadhaa kabla ya leo.

Injini ikiwaka, usichukue ufunguo. Hewa inabaki imejificha kwenye njia za maji, na isipotolewa injini itachemka ikiwa na kila kitu kipya. Iachwe iungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe, maji yaongezwe, izimwe, ipoe kabisa, ikaguliwe tena. Hii inakula nusu siku na haina njia ya mkato.

Kisha majaribio. Fundi atapenda mzunguko wa mtaa mmoja, au akimbize gari kwenye barabara iliyo wazi, dirisha likiwa chini, aseme unasikia ilivyotulia? Kwenye mwendo, upepo wenyewe unapoza rejeta, hivyo hata injini mgonjwa hujifanya mzima. Mwambie twende foleni. Saa kumi na moja jioni, Barabara ya Mandela, kutoka Tazara kuelekea Buguruni, AC ikiwa imewashwa na fundi amekaa kiti cha mbele kushoto. Sikilizeni feni ikiingia na kukata, ikiingia na kukata. Mkifika Tabata Relini, simameni pembeni, mguse mpira wa juu, mtazame chupa ya akiba kama kiwango kimebaki pale mlipokiweka alama kwa kalamu. Rudini kwa njia ileile. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungueni mfuniko mkiwa wote wawili, na maji yakiwa mdomoni mwa rejeta, mlipe salio lake lote, bila kuomba punguzo.